FUNGU LA ASIYEKUWEPO
Haki ya mfanyakazi anapojifungua, anapougua na anapofiwa

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Maswahaba zake na wote wanaowafuata kwa wema mpaka siku ya malipo. Ama baad.



Majuma machache yaliyopita, baada ya swala ya Isha, ndugu yetu mmoja alibaki msikitini akiwa na swali. Ana depo ya unga na mafuta katika komini ya Kenya. Wanaomfanyia kazi ni watatu: vijana wawili wa kubeba mizigo, na mama mmoja anayeuza na kushika daftari la madeni. Mama huyo amejifungua mtoto wa kike. Ndugu yetu alichukua binti mwingine ashike nafasi yake, na binti huyo anauza vizuri. Basi aliuliza mambo mawili. La kwanza: je, dini inamlazimisha amlipe mtu ambaye yuko nyumbani? La pili: je, ni dhambi akimwambia yule mama asirudi tena, abaki na mtoto wake?

Hakuuliza kwa ukatili. Alikuwa amekwisha kupeleka sabuni, sukari na nguo za mtoto. Alisema: “Zawadi nimetoa. Lakini mshahara ni wa kazi.”

Neno hili ndilo tunalotaka kulitazama Ijumaa ya leo, kwa sababu si neno la mtu mmoja. Katika swafu zetu wamo wenye maduka, wenye depo, wenye magari ya abiria, wenye shule na wenye kliniki. Na hata asiye na biashara, mara nyingi anaye mtumishi wa nyumbani, au mlinzi wa usiku mlangoni. Kila mmoja wao atakutana na siku ambayo mfanyakazi wake hawezi kuja kwa kuwa amejifungua, au ni mgonjwa, au mtoto wake yuko hospitali, au yuko kwenye kilio. Siku hiyo ndiyo inayoonyesha kama mkataba wetu ulikuwa mkataba wa Waislamu.

1. MSHAHARA NI WA KAZI TU?

Tusimwambie ndugu yetu kwamba hana hoja. Katika fiqhi, ajira ni mauzo ya manufaa: huyu anatoa kazi yake au muda wake, yule anatoa malipo. Ikiwa hakuna jambo jingine lililopatanwa, hoja ya kwamba malipo yanafuata kazi ina msingi wake.

Lakini je, ni kweli hakuna jambo jingine lililopatanwa? Allah ametuamuru mwanzoni mwa Suratul Maida tutimize mikataba yetu. Na katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba Waislamu wanafungwa na masharti yao, isipokuwa sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu. Wanazuoni wakatoa humo kanuni inayojulikana: jambo lililo ada ya watu katika mapatano yao linahesabiwa kama limeshurutishwa, hata kama halikutamkwa.

Sasa mtu anapomwambia mwenzake hapa Lubumbashi, “Njoo uanze kazi Jumatatu,” hawapatani jangwani. Wanapatana katika nchi yenye Sheria ya Kazi, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016. Sheria hiyo imeingia ndani ya kila mapatano ya kazi, na hakuna haramu ndani ya kumlipa mzazi au mgonjwa. Haya ndiyo baadhi ya yanayotakiwa:

– Mwanamke anayejifungua ana haki ya majuma 14 mfululizo ya mapumziko: yasiyozidi 6 kabla ya kuzaa na yasiyozidi 8 baada ya kuzaa. Katika muda huo anapata theluthi mbili za mshahara wake, na vile anavyopewa kwa vitu haviondolewi. Haruhusiwi kufukuzwa katika muda huo.

– Akirudi kazini naye ananyonyesha, ana haki ya mapumziko mawili ya nusu saa kila siku, nayo yanalipwa kama muda wa kazi.

– Anayeugua, mkataba wake unasimama lakini haufi. Anapata theluthi mbili za mshahara, na mwajiri hana ruhusa ya kuuvunja mkataba kwa ajili ya ugonjwa huo kabla ya miezi 6 mfululizo kupita. Matibabu yake na ya familia yake yako juu ya mwajiri.

– Mke wa mfanyakazi akijifungua, mume anapata siku 2. Akifiwa na mume, mke, mzazi au mtoto, anapata siku 4.

Basi theluthi mbili zile si sadaka. Ni sehemu ya bei uliyoikubali siku ulipomwambia aanze kazi. Mwenye kuzikataa ni kama mnunuzi aliyepatana bei ya mifuko kumi, akaipakia yote kumi, halafu akalipa saba. Na hapa ndipo zawadi ya sabuni na sukari inapoweza kutudanganya. Zawadi ni njema na ina thawabu, lakini zawadi hailipi deni. Mtu akikudai faranga zako, ukampelekea sahani ya pilau, amekula pilau na deni liko palepale.

Wengine husema: “Mimi sikumwandikia karatasi yoyote,” au “Yeye ni wa kutwa tu.” Sheria inasema mapatano yasiyoandikwa yanahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho, mpaka ithibitishwe vingine. Na wa kutwa aliyefanya siku 22 katika miezi miwili, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, anahesabiwa mfanyakazi wa kudumu. Lakini hata kama mkaguzi wa kazi hatafika kamwe kwenye depo yako, tukumbuke hadithi ya Bukhari: Allah amesema kwamba watu watatu Yeye mwenyewe atakuwa mshitaki wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemchukua mfanyakazi, akapata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Siku hiyo haulizwi mtu kama kulikuwa na karatasi.

2. “HAYO NI YA KAMPUNI KUBWA”

Jibu hili tunalisikia sana, na katika mji wetu lina historia yake. Babu zetu waliofanya kazi Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, wanajulikana kwa simulizi zao: tangu miaka ya 1920 kampuni ilianza kuwaruhusu na kuwatia moyo wafanyakazi walete wake zao kambini, ikajenga hospitali na maternite, ikawapima watoto wachanga. Haikufanya hivyo kwa kumcha Mungu. Ilikuwa imehesabu kwamba mfanyakazi ambaye familia yake iko salama hatoroki, na ujuzi wake haupotei. Baadaye ikaja Gécamines ikashika njia hiyohiyo, hata watu wakasema kazi ndiyo baba na mama.

Kisha baba huyo akaishiwa. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wengi wa wana wao leo hawako kwenye kampuni yenye hospitali. Wako madukani kwetu, kwenye depo zetu, kwenye magari yetu, majikoni mwetu.

Ndugu zangu, maana yake ni kwamba mzigo ule umehama. Zamani mama akijifungua, aliyeulizwa ni kampuni. Leo anayeulizwa ni wewe na mimi, watu wa wafanyakazi wawili au watatu. Hatuna maternite ya kuwapa. Lakini tunayo nafasi ya kumrudishia, na tunazo theluthi mbili za kumpa.

3. KISA CHA SAYYIDNA UTHMAN

Anayesema “mimi nina watu wachache, siwezi kumkosa hata mmoja” na amtazame Mtume (s.a.w.) siku ya Badri.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka wa pili wa Hijra. Waislamu waliotoka walikuwa mia tatu na kidogo, nao wakakutana na jeshi la karibu watu elfu moja. Hakukuwa na siku ambayo Uislamu ulikuwa na watu wachache na kazi kubwa kuliko siku ile. Lakini mmoja wa watu bora kabisa hakuwepo. Uthman bin Affan (r.a.) alikuwa Madina, kwa sababu mkewe Ruqayya, binti wa Mtume (s.a.w.), alikuwa mgonjwa sana. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alimwambia abaki amuuguze. Bi Ruqayya alifariki katika siku zilezile, habari za ushindi zilipokuwa zinafika Madina.

Sikilizeni sasa lile lililo muhimu kwetu. Mtume (s.a.w.) alimhesabia Uthman ujira wa mtu aliyehudhuria Badri, na akampa fungu lake katika mali iliyopatikana. Hakumpa pole tu, wala hakumwambia, “Thawabu utapata kwa Mungu, lakini mali ni ya waliopigana.” Alimpa vyote viwili: thawabu na fungu.

Mtu anaweza kusema: walipotoka Madina hawakujua kwamba watakutana na jeshi; walitoka kuukabili msafara wa biashara. Ni kweli. Lakini fungu liligawanywa baada ya vita, wakati kila mmoja alikuwa amekwisha kuona kazi ilivyokuwa nzito na jinsi mikono ilivyokuwa michache. Hata hivyo fungu la asiyekuwepo lilitoka.

Na katika kisa hiki kuna funzo jingine. Miaka mingi baadaye, Bukhari amesimulia, alikuja mtu kutoka Misri akimsema Uthman kwa makosa, na moja la makosa hayo ni kwamba hakuwepo Badri. Abdullah bin Umar (r.a.) ikabidi amweleze sababu. Tazameni jinsi ulimi wa watu ulivyo: mtu alikuwa anauguza mkewe mpaka akamzika, kwa amri ya Mtume mwenyewe, na bado kutokuwepo kwake kukafanywa doa. Ndivyo tunavyofanya tunaposema kazini, “Yule mama si wa kutegemewa, mwaka jana alipotea miezi mitatu.” Hakupotea. Alikuwa anazaa. Na anayekataa kumchukua msichana kazini kwa hofu kwamba siku moja atashika mimba, huyo amemhukumu mtu kwa jambo ambalo Allah ameliweka katika maumbile yake. Sheria ya nchi pia inakataza kufanya uzazi kuwa sababu ya ubaguzi.

4. MAZIWA YA MTOTO NA KANUNI YA KHALIFA

Qur'ani, katika Suratu Luqman na Suratul Ahqaf, inatukumbusha uzito ambao mama anaubeba kwa ajili ya mtoto, na katika Suratul Baqara inataja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza. Tena Suratut Talaq inaamuru wanawake walioachwa, wakiwanyonyesha watoto wetu, wapewe ujira wao. Basi kunyonyesha mbele ya Allah si uvivu wala si kupoteza saa. Ni huduma yenye thamani, na Qur'ani imeitaja pamoja na ujira.

Imesimuliwa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa ametoa posho ya hazina kwa watoto waliokwisha kuachishwa ziwa tu. Usiku mmoja akasikia mtoto akilia bila kunyamaza. Akauliza, mama akamjibu kwamba anamwachisha ziwa mapema ili apate ile posho, wala hakujua kwamba anayezungumza naye ndiye Khalifa. Umar alilia, akajilaumu kwa watoto ambao kanuni yake ilikuwa imewadhuru, na akaamuru posho itolewe tangu mtoto anapozaliwa.

Umar hakukusudia ubaya. Aliweka kanuni iliyoonekana nzuri kwenye hesabu, lakini ikaingia ndani ya nyumba na kumtoa mtoto kwenye ziwa la mama yake. Je, sisi tunajua kanuni zetu za kazi zinaingia nyumba gani usiku? Ukimwambia mama arudi wiki ya tatu, la sivyo nafasi imekwenda, wewe hulali ukisikia mtoto akilia. Lakini mtoto analia, na Allah anasikia.

5. MGONJWA, HATA ASIYE WA DINI YETU

Bukhari amepokea kwamba mja akiugua au akisafiri, anaandikiwa mfano wa amali alizokuwa akizifanya alipokuwa mzima na mkaazi. Mwenye ufalme wote hakati ujira wa mgonjwa. Sisi tunaona wepesi gani kuukata?

Wengi wanaofanya kazi kwetu ni Wakristo, na tusidhani kwamba haki yao ni pungufu. Kulikuwa na kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia Mtume (s.a.w.). Alipougua, Mtume (s.a.w.) alimwendea nyumbani akakaa karibu na kichwa chake. Ni wangapi kati yetu wanaijua nyumba ya mlinzi wao, huko Katuba au Ruashi? Mwajiri anayekwenda kumwona mgonjwa wake anapata faida mbili: anapata thawabu, na anaujua ukweli kwa macho yake bila kupeleka mpelelezi.

Na wapo wafanyakazi wetu Waislamu wanawake wanaofiwa na waume zao. Sheria inawapa siku 4, lakini Qur'ani imewawekea edda ya miezi minne na siku kumi. Wanazuoni wengi wanaruhusu mwenye edda kutoka mchana kwa haja yake, na kutafuta riziki ni haja, mradi alale nyumbani kwake. Basi mwajiri Mwislamu asimpange zamu ya usiku wala asimtume safari ya Likasi au Kasumbalesa katika muda huo. Ikiwa ana siku za konje ya mwaka, amkubalie azichukue hapo.

6. NA MFANYAKAZI JE?

Haki ina pande mbili. Suratun Nur inawasifu waumini kwamba wanapokuwa na Mtume katika jambo la pamoja hawaondoki mpaka waombe ruhusa. Mfanyakazi anayepotea siku tatu bila kupiga simu, au anayenunua karatasi ya daktari wakati ni mzima, au anayemfisha shangazi yuleyule mara mbili kwa mwaka, anakula haramu. Tena anawaharibia wenzake, kwa sababu siku mwingine atakapougua kweli, hatasadikiwa. Suratul Qasas inatuambia Nabii Musa (a.s.) alisifiwa kwa mambo mawili kabla ya kuchukuliwa kazini: nguvu na uaminifu. Nguvu huondoka kwa ugonjwa na hurudi. Uaminifu ukiondoka ni vigumu kurudi.

Na katika kisa hichohicho, yule mzee wa Madyan alimwambia Musa tangu siku ya mapatano kwamba hataki kumtia katika mashaka. Huyo ndiye mwajiri: anasema neno hilo mwanzoni, kabla ya shida kufika.

7. LA KUFANYA

Tunajua biashara ndogo inabanwa. Ukimlipa aliye nyumbani na ukamlipa anayeshika nafasi, mfuko unauma. Lakini mimba haiji kama moto wa usiku. Inatangaza yenyewe miezi kabla. Basi:

– Weka kando kidogo kila mwezi tangu unapojua.
– Anayeshika nafasi, mwambie wazi siku ya kwanza kwamba ni kwa muda, na taja tarehe. Usimtie tamaa ya kiti cha mwenzake.
– Andikeni mapatano, hata kwenye daftari la shule, kama Aya ndefu ya Suratul Baqara inavyotufundisha kuandika madeni.
– Ikiwa kweli huwezi kulipa yote kwa mara moja, usinyamaze. Mwite, mwoneshe hesabu, mwombe akusubiri, na umlipe baadaye. Deni linalokiriwa ni afadhali kuliko haki inayokanwa.

Ndugu yetu wa depo tulimweleza haya kwa ufupi usiku ule. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: “Na huyu binti mpya, yeye nimfanye nini?” Hilo pia ni swali la mtu mwema, na hatukuwa na jibu jepesi. Tulimwambia amwambie ukweli mapema, amlipe siku zake zote kabla jasho lake halijakauka, kama tulivyofundishwa, na kama anauza vizuri hivyo amtafutie nafasi kwa mfanyabiashara mwenzake. Lakini kiti kina mwenyewe, na mwenyewe ananyonyesha.

Majuma 14 ya mama yule hayajakwisha. Ndugu yetu hajaleta habari ya alichoamua, nasi hatumtaji jina. Pengine yuko hapa leo, swafu ya mbele au ya nyuma, na karatasi hii iko mkononi mwake. Tunamwombea, na tunajiombea sisi wenyewe, kwa sababu kila mmoja wetu ana kiti cha mtu anachokishikilia.

Ewe Mola wetu, tupe riziki ya halali, utuepushe na kula jasho la watu. Waponye wagonjwa wetu na wa wafanyakazi wetu, wape nguvu akina mama waliojifungua, wakuze watoto wao katika kheri, na uwarehemu waliotutangulia. Utujaalie tuwe wenye kutimiza ahadi. Amina.

Wa akhiru daawana anil hamdu lillahi Rabbil alamin.

(Tafadhali usisome karatasi hii wakati Imamu anahutubu. Ina majina ya Allah na Mtume wake: usiitupe chini wala usifungie bidhaa. Ukimaliza kuisoma, mpe jirani.)